Ile "but" niliyomwongezea Maman Neema

Bukavu, Jumapili alasiri. Mvua imekatika, lakini siwezi kukaa. Nimefagia chumba mara mbili. Nimechemsha chai nikaisahau jikoni.

Nilikosea, nikanyamaza siku nne.

Nafundisha watu wazima Kiingereza hapa Ibanda, jioni wanapotoka kazini. Jumatano tulisoma viunganishi. Maman Neema, muuguzi anayetoka Katana, aliye rika la mama yangu, alileta barua yake ya kuomba kazi tuisahihishe ubaoni. Sentensi moja ilianza na "although". Nikachukua chaki nyekundu, nikamwongezea "but" katikati, kwa sababu sisi husema "ingawa" halafu "lakini" na sikio langu lilisikia pengo. Kiingereza kinataka kimoja tu. Yeye ndiye aliyepatia.

Aliutazama ubao, akaandika daftarini, akasema, "Merci, Madame." Darasa zima likanakili. Nikamwambia nitaiomba barua niione tena.

Nilifungua kitabu nyumbani, nikaona kosa ni langu. Nikajiambia nitasema Alhamisi. Alhamisi niliingia, wakasimama wote kunisalimu kama kawaida yao, nami nikafundisha somo jingine. Nina miaka ishirini na sita. Niliogopa kushuka hadhi mbele ya watu walionizidi umri.

Leo ndipo nimempigia simu. Nilisema yote kwa pumzi moja. Akacheka kidogo, bila ubaya.

"Nilikuwa najua, Madame. Nilitumika kazi na Bakenya miaka mingi, kwa Kiingereza. Lakini ningekukosoa je mbele ya batu? Uko mwalimu wetu."

Nikamuuliza barua iko wapi.

"Nilisha deposer vendredi, niliipeleka ku ofisi ile Ijumaa. Na ile but yako iko ndani."

"Kwa nini uliiacha, Maman?"

"Ulisema utaomba kuiona tena. Sikutaka uone nilikudharau."

Ningesema Alhamisi, barua ingekuwa safi. Hilo ndilo linalonizungusha chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tumeahidiana: kesho saa mbili asubuhi, mlangoni pa ile ofisi, na barua mpya. Mimi ndiye nitakayewabembeleza waibadilishe. Sijui kama watakubali.

Na jioni wanafunzi watasimama kunisalimu. Nitawaomba wakae, nimpe Maman Neema chaki, nami niende kukaa kwenye benchi lake.