Mghoi Alipoyafunga Maji ya Mboghoni

Mboghoni, Taveta
Jumapili alasiri

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Natumai barua hii itakukuta umekaa pale mlangoni na blanketi lako mabegani, maana nasikia ukungu wa mwaka huu huko Werugha haujui saa ya kuondoka. Goti la kushoto linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia, au alijichua nayo mwenyewe? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Sisi huku tu wazima, tunalalamikia joto tu. Hata ukikaa kivulini unatoa jasho.

Wifi, wewe unayemsomea Mama, nakusalimu pia. Nakuomba jambo moja, usiruke mstari. Nakujua wewe. Ukifika mahali pazito unakohoa na kugeuza karatasi. Leo soma yote, hata Mama akikuambia inatosha.

Barua yako niliipata, Mama. Uliniuliza swali moja tu na nimekaa nalo siku nane bila kujibu. Tulikubaliana mwezi wa Januari, mbele ya kaka, kwamba mwanangu Mghoi aje kwangu ajaribu muhula mmoja. Akizoea, abaki asome huku. Akishindwa, arudi kwako shule zikifungwa, akae kama alivyokaa miaka hii sita. Sasa shule zinafungwa Ijumaa, nawe unataka kujua kama anarudi kabisa. Nitakujibu. Lakini kwanza nikueleze muhula ulivyokwenda, kwa sababu ukisikia jibu peke yake utanikasirikia bure.

Siku yangu huanza kabla jogoo wa Mama Nthenya hajawika. Mama Nthenya ni jirani yetu, Mkamba aliyehamia huku kulima vitunguu. Nawasha stovu, nachemsha chai, nambadilisha Chao nepi, kisha namtafutia Mwakio kiatu cha pili. Huyu mjukuu wako ana miaka minne na sijawahi kuviona viatu vyake viwili mahali pamoja. Chao naye, miezi kumi, nampeleka kwa Mama Nthenya na chupa yake ya uji, na kabla ya saa mbili niko mbele ya darasa la tatu, chaki mkononi na kifua kimejaa maziwa. Mkweo bado yuko bandarini Mombasa. Huja mwisho wa mwezi na mkate wa boflo na magazeti yaliyokwisha chacha, anawabeba watoto mabegani siku mbili, anaondoka. Simlaumu. Nataka tu ujue haya yote yanafanywa na mikono miwili.

Usidhani nashinda nikilia. Saa kumi na moja nikishatoka shule na kuteka maji, nakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, miguu ndani ya karai. Chao ananyonya, Mwakio ananisimulia uongo wake wa siku hiyo. Jana kulikuwa na mamba chooni. Ni dakika kumi tu, lakini sizibadilishi na kitu chochote.

Mghoi hakuwa akikaa nasi katika hizo dakika kumi. Alisimama penye kona ya nyumba, mikono nyuma, akitutazama. Njiani tukija huku tulicheka sana. Pale Maktau, kwenye treni, aliona ndovu akaniuliza ni ng'ombe wa nani wasiochungwa. Asubuhi ya kwanza huku alipouona mlima wa Kilimanjaro alitaka kujua mlima wetu wa Vuria umepakwa chokaa lini. Nikajiambia, huyu tutaelewana. Kumbe kicheko kiliishia njiani. Nyumbani alikuwa mgeni mwenye adabu. Alikula akashukuru, alifua soksi zake bila kuambiwa, na aliniita mwalimu. Si shuleni peke yake, Mama. Hata mezani. "Mwalimu, naomba chumvi." Siku ya kwanza niliona kichekesho. Wiki ya tatu nilikuwa nainuka mezani naenda kusimama nje.

Na zile nywele ulizomsuka siku ya kuondoka! Kila Jumamosi nilichukua kitana na mafuta nikamwita, naye akanijibu, "Bado ziko sawa." Zilifumuka zikasimama, mwalimu mwenzangu akaniuliza kama huyu mtoto hana mtu. Nilikosa pa kuweka uso. Nilitaka nimshike kwa nguvu nizifumue. Nilimwacha, lakini nilimwacha kwa hasira, na mtoto hujua.

Sasa nikueleze habari ya mfereji, maana hapo ndipo mambo yalipobadilika. Huku shamba halingoji mvua. Maji hutoka mto Lumi kwa mfereji mmoja mrefu, na kila nyumba ina zamu yake. Yetu ni Jumanne, saa sita mchana hadi saa tisa. Zamu ikifika unatoa kizibo chako cha matope na vigogo vya mgomba, unayaacha maji yaingie shambani mpaka vitunguu visimame majini. Ukikosa zamu umekosa, ungoje Jumanne nyingine. Msimamizi wa zamu ni Mzee Lazaro, mtu mfupi mwenye saa kubwa ya mkononi, na hana mchezo.

Jumanne moja mwezi uliopita nilikimbia nyumbani mapumziko ya mchana, nikatoa kizibo, nikarudi darasani mbio. Mghoi yuko darasa la kwanza, wao hutoka mapema, kwa hiyo alibaki nyumbani peke yake. Akaona maji yanaingia shambani. Hakuna mvua, hakuna mtu, maji tu yanatambaa katikati ya vitunguu na kubeba udongo. Wewe unajua alichokiona, Mama. Kwenu maji yakiingia shambani hivyo, tuta limekatika huko juu, na usipokimbia matuta yote yanaporomoka mpaka kwa jirani.

Hakuita mtu. Alikwenda kwenye rundo la mawe yaliyoletwa kujengea darasa jipya, akajitengenezea kata ya majani makavu ya mgomba, akabeba jiwe baada ya jiwe kichwani mpaka mferejini. Makubwa akayatanguliza chini, madogo akayabana katikati, udongo akaukandamiza kwa kisigino. Haukuwa ukuta wa mchezo. Maji yalikatika kabisa. Yakajaa mferejini, yakafurika ng'ambo, yakaingia uani kwa Mzee Lazaro, ambako alikuwa ameanika matofali mabichi ya kumjengea mkewe jiko.

Saa tisa naja, nakuta watu wamejaa. Vitunguu vyangu vikavu. Mzee Lazaro ameshika bonge la tope ambalo asubuhi lilikuwa tofali.

"Mwalimu, ni nani amefunga maji?"

"Ni mimi," Mghoi akasema.

Alikuwa na matope mpaka kifuani, na alikuwa ananitazama mimi, si yule mzee. Alikuwa anatabasamu. Tangu Maktau sikuwa nimeliona tabasamu lile.

Nilimpiga kofi, Mama. Mbele ya watu wote. Wifi, hapa pia usiruke.

Hakulia. Alishika shavu akaniambia, "Shamba lako lilikuwa linaenda. Nimekuokolea."

Watu wakacheka. Mama Nthenya peke yake hakucheka. Alisogea, Chao mgongoni, akamvuta Mghoi upande wake. "Wewe mwalimu, wachana na mtoto. Si yeye aliona mafuriko? Huko kwao maji ikiingia shamba ni hasara. Ulimwambia ya huku ni zamu?"

Sikuwa nimemwambia. Nawafundisha watoto wa watu kutwa nzima mito na milima na kuzidisha na kugawanya, lakini wangu nilikuwa nimemwambia vyombo viko wapi na sabuni iko wapi. Nilisimama pale mkono ukiniwasha na sikujua niuweke wapi.

Kanuni ya mfereji ni kwamba nyumba iliyozuia maji ya wenzake inasafisha mfereji siku nzima, wakubwa kwa wadogo. Basi Jumamosi tukaingia majini, nimepandisha leso magotini, Mwakio akikusanya vyura badala ya matope. Sehemu moja ukingo ulikuwa umebomoka, Mzee Lazaro na wanaume wawili wakawa wanaupanga upya. Mghoi akasimama hapo, mikono nyuma, vile unavyosimama wewe ukikagua kazi ya mtu.

"Hiyo haitakaa," akasema.

"Enhe! Fundi amefika," Mzee Lazaro akajibu. "Nyinyi mmezoea kuishi mkining'inia milimani, mnajua nini kuhusu mfereji? Haya, nionyeshe basi. Lakini ikianguka, matofali yangu utayafyatua wewe."

Akaonyesha. Akapanga, akatoa, akapanga tena, na wale wanaume wazima wakawa wanampelekea mawe. Mimi nami nikachukua langu nikaliweka. Akaliondoa bila hata kunitazama.

"Si hivyo. Upande mpana uangalie ndani, ndio ushike udongo. Kwani Nyanya hakukufundisha?"

Hukunifundisha, Mama. Nilipokuwa na umri kama wake mlinipeleka bweni, ukasema mikono yangu ni ya chaki. Nilishukuru na bado nashukuru, mshahara huu ndio unaotulisha. Lakini pale majini nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Miaka yote hii nilidhani unanitunzia mtoto, kama mtu anavyomtunzia mwenzake mbuzi mpaka arudi safari. Sikujua kwamba kila siku ulikuwa unampa kitu, na kwamba kitu hicho mimi sikukipata. Nilikukasirikia. Halafu nikaona aibu, kwa sababu hukukosa kunipa kwa ubahili. Nilikuwa sipo tu.

Jioni ile kichwa chake kilikuwa kimeganda matope. Sikumwita. Alikuja mwenyewe na kitana, akakaa chini katikati ya magoti yangu, akageuka akanipa mgongo. Nilizifumua zile nywele zako moja moja, taratibu. Nilimwomba msamaha wa lile kofi nikiwa nyuma yake, maana usoni ningeshindwa. Aliitikia kwa kichwa tu. Nilimsuka mistari minne na yote imepinda, nakuungamia. Akaipapasa.

"Nyanya husuka ndogo kuliko hizi."

"Najua."

"Hizi pia zitakaa."

Sitakuambia kwamba tangu hapo kila kitu ni asali. Akinikasirikia bado naitwa mwalimu. Anamwamuru Mwakio mpaka mtoto anajificha chini ya kitanda. Usiku hulala na sweta lako katika joto hili, na mimi simvui.

Basi jibu. Wifi, soma hapa polepole.

Simrudishi, Mama.

Nimeliandika neno hilo na kulikata mara tatu, karatasi nzuri zimeharibika. Nilimwuliza Mghoi mwenyewe anataka nini. Akaniuliza, "Nyanya atabaki na nani?" Kaka na wifi wapo hapo uani, lakini najua ni nani aliyekuwa akikuletea kuni na kukukanda goti, na tangu Baba atutoke ni yeye aliyekuwa akilala upande wa ukutani. Nikaona nisimtwike mtoto wa miaka saba mzigo wa kuchagua kati yetu. Nimechagua mimi. Ukitaka kukasirika, uwe na mtu mzima wa kumkasirikia.

Utalia. Lia, Mama, sitakukataza. Mimi nami nililia miaka ile yote sita, kila likizo ilipokwisha nikamwacha mgongoni kwako akinipungia mkono kwa sababu umemwambia apunge. Nilingoja basi lipite kona ya kanisa ndipo nifunike uso. Hukujua, na sikutaka ujue, maana ulikuwa unanisaidia, na mtu anayekusaidia huwezi kumwambia kwamba anakuumiza. Sasa nakuumiza mimi. Sijui njia nyingine ya kumlea, na miaka hiyo sita sitaipata tena.

Jumamosi tutakuwa kwako sote wanne, likizo nzima. Mghoi alale kitandani kwako, sitaingilia. Mimi nionyeshe mawe. Nina miaka thelathini na mmoja, na mikono yangu bado inaweza kushika kitu kingine zaidi ya chaki. Lakini nikuambie mapema tusije tukagombana mlangoni: nitakuja naye, na nitaondoka naye.

Nisalimie kaka, mwambie paa la zizi nililiota likivuja. Msalimie katekista wetu na mkewe, na yule mama wa bonde la pili anayekuletea maziwa ng'ombe wako akikauka. Wifi, wewe najua umeshalia kabla ya Mama. Mpe maji anywe, nawe unywe.

Kuna jambo moja dogo. Huku watu walinipokea nikiwa na Mwakio mgongoni, kwa hiyo tangu nifike wakaniita Mama Mwakio. Hawakujua kuna aliyemtangulia. Nami sikuwasahihisha, Mama. Miaka mitatu niliitikia. Jana Mzee Lazaro alikuwa ng'ambo ya mfereji, akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Mama Mghoi! Mlete fundi wako, maji yanapita!" Nilikuwa nimeshaitikia kabla hajafika mwisho.

Ni mimi mwanao,
Mama Mghoi