Bia Isiyochujwa

Tarehe 3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mama ananiambia unapanda ngazi ukizitukana moja moja. Mimi mzima, ila mikono imechakaa kwa kuosha matangi.

Shangazi, aliyekuja kunitembelea huku ughaibuni, akifika atakukabidhi chupa mbili zilizofungwa ndani ya soksi zangu za baridi. Usizicheke soksi. Hiyo ni bia yangu, baba. Yangu mwenyewe: kimea nimekichagua mimi, hamira nimeilisha mimi, tangi nimelilinda kama mtoto mwenye homa. Ni bia ya namna ya watawa wa Kibelgiji, ile ya dhahabu iliyokolea, inayopikwa bila papara. Bosi wangu, mama mmoja asiyesifu hata jua likichomoza, ameionja akasema "Hm." Kwa wanaomjua, hicho ni cheti.

Tarehe 30 Aprili ndiyo siku ya kuamua. Ama iingie kwenye orodha ya bia zetu, ama imwagwe, nami nibaki kuosha matangi ya wenzangu. Bosi ameniachia neno la mwisho. Nikamwambia kuna mtu mmoja lazima aonje kwanza. Wewe umekaa miaka thelathini na moja katika chumba cha kuchujia, na hakuna bia iliyotoka kiwandani kwenu bila kupita machoni na mdomoni mwako. Najua hukutaka niondoke. Ulinitafutia kazi palepale kiwandani, nikaikataa, ukanuna mwaka mzima. Haya, onja sasa nilichokifuata.

Sikuandikii maelekezo, samaki hafundishwi kuogelea. Ukimaliza kuandika jibu, Mama alipige picha alitume, tusingoje posta.

Binti yako


Tarehe 21 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti lipo, halijaenda popote na mimi siendi popote. Mama yako anakusalimu.

Shangazi yako kafika salama, na soksi zako. Sikutaka kuonja peke yangu kama mwizi. Niliwaita wenzangu watatu wa chumba cha kuchujia, wastaafu kama mimi, wakaja na mashati yaliyopigwa pasi. Nikawaambia, "Leo mtakunywa bia ya mwanangu." Nilijigamba, sikufichi. Nilijigamba mpaka mama yako akanikanyaga mguu.

Nikainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Lahaula, mashapo! Chini kabisa, unene wa ukucha. Mwanangu, mimi nimekulisha na kukusomesha kwa kazi ya kuondoa mashapo. Wenzangu wakaanza kutazama sakafu. Nikasema hapana, huyu kasahau kuchuja tu, au mtambo wao mbovu. Nikaenda jikoni, nikachukua kitambaa cheupe kipya, nikaichuja mara tatu, ikatoka safi kabisa. Nikaiweka kwenye friza mpaka ikakaribia kuganda, kisha nikaimimina kwenye glasi ndefu, kama inavyotakiwa.

Povu hakuna. Harufu hakuna. Ladha ya chai iliyosahaulika mezani. Yule mwenzetu tunayemwita Bubu, maana kwa mwaka husema maneno matano, alitumia mawili hapohapo: "Imekufa hii."

Sikukulea kwa uongo. Bia hii usiitoe. Ungeikubali ile kazi ya kiwandani, ungejifunza kuchuja kwanza. Roho inaniuma kuliko goti.

Baba yako


Tarehe 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila tangu barua yako chakula hakipiti vizuri, na sababu ni wewe.

Nilimwambia bosi tuimwage. Akauliza kwa nini. Nikamsomea barua yako, namfasiria neno kwa neno. Nilipofika kwenye kitambaa akanyanyua mkono: "Rudia hapo." Nikarudia. Alicheka hadi akakaa juu ya pipa, na mimi sikuwahi kuyaona meno yake tangu nianze kazi.

Baba, ule si uzembe. Yale mashapo ni hamira hai. Tunaitia makusudi, pamoja na sukari kidogo, siku ya kujaza chupa. Tunazifunga, tunazilaza wiki tatu kwenye chumba cha joto, na humo ndani bia inajitengenezea gesi yake na harufu yake. Ulichokitoa kwa kitambaa ndicho kilichoifanya iwe bia.

Kosa ni langu pia. Niliona haya kukuelekeza wewe. Basi leo nakuelekeza, na usinune. Chupa ya pili isimame wima siku mbili. Iweke kwenye friji, friza ni marufuku, uitoe nusu saa kabla. Tafuta glasi yenye mdomo mpana. Iinamishe, umimine polepole bila kusita njiani, na ubakize kiasi cha kidole kimoja cha mwisho, chenye mashapo, ndani ya chupa. Kabla hujanywa, nusa.

Na lile la kazi ya kiwandani, baba, limeniumiza. Sikuikataa kwa kukudharau. Nilitaka siku moja nikuletee kitu ambacho hujawahi kukionja.

Binti yako


Tarehe 28 Aprili

Baba, shikamoo. Keshokutwa asubuhi bosi anataka neno langu. Wiki ya tatu hii hujaniandikia. Nikimpigia Mama ananijibu "baba yako ana lake," basi. Kama umekasirika, kasirika, lakini onja.

Binti yako


Tarehe 29 Aprili, jioni

Binti yangu,

Marahaba, na tena marahaba. Goti leo sikulisikia.

Sikukasirika. Chupa ilikuwa tayari tangu tarehe kumi na moja, imesimama wima, naiamkia kila asubuhi. Lakini nilikuaibisha mbele ya watu watatu, nisingekusafisha nikiwa peke yangu jikoni, wala sikutaka kukuandikia mikono mitupu. Bubu alikuwa amesafiri kwa mwanawe, na huyo hata ukimpigia simu unajisikia mwenyewe tu. Karudi jana. Leo saa kumi nimewaketisha kwenye viti vilevile.

Kwanza nikawasomea barua yako, na pale pa kitambaa nikapasoma kwa sauti. Nilijua kitambaa kinakimbiza gesi, nani asiyejua? Ila aibu ikiingia kichwani, akili inatafuta mlango. Wakanicheka, nikakubali kuchekwa.

Kisha nikamimina. Mwanangu! Povu likapanda, jeupe, zito, likakaa. Nikanusa: ganda la chungwa, karafuu kwa mbali, mkate unaotoka kwenye oveni. Mdomoni inaanza na utamu kama wa asali, unadhani ndiyo basi, kumbe inageuka, inakauka, na uchungu mdogo unabaki ukikuita urudi. Nikarudi. Tulikuwa watu wanne kwa chupa moja na hakuna aliyetaka kuwa mkarimu. Bubu akaivuta glasi yake karibu, akasema, "Huyu binti katuzidi." Hakuna aliyembishia.

Kasoro ninayo, usidhani umenihonga. Ukali wa kilevi unatangulia kidogo kooni. Chupa zilizobaki huko zilaze wiki mbili zaidi, utatulia. Nimetafuta kasoro ya pili, sikuiona.

Halafu kile kidole cha mwisho. Nilikitikisa, nikakimimina chote na ukungu wake, nikakinywa mbele yao. Miaka thelathini na moja nimekuwa nakitupa. Kitamu! Mama yako akaniuliza mbona macho yana maji, nikamwambia ni gesi.

Najivunia wewe, mwanangu. Nilipaswa kukuambia siku ile ulipobeba mabegi yako.

Kesho ukiulizwa, usiseme baba karuhusu. Ungenisikiliza mimi, bia hii isingekuwepo. Sema ni yako, na inatoka.

Baba yako