Nguzo ya Sita

Mnyambe, Newala
20 Desemba 1974

Mpendwa Dada Severina,

Shikamoo dada. Natumaini u mzima huko Mkomaindo na kazi ya wodini haikuchoshi mno. Sisi huku tunapumua. Barua hii ina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kitubioni. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukinikasirikia njiani.

Mvua imeshika. Maji tunayakinga kwenye debe, hatuteremki tena bondeni. Kila nikiona debe limejaa bila mtu kulibeba, namkumbuka Mama.

Hukuwepo tulipohamia kijiji hiki kipya, kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa. Tulipewa wiki mbili. Wengi waliziacha nyumba zao, wakaenda kukata miti mipya. Baba alikataa. Alisema watu ni wengi na msitu ni mdogo, tena nguzo za mninga alizokata Babu bado zina nguvu kuliko yeye. Basi tukaibomoa nyumba yetu kipande kipande: mlango, fito, hata udongo wa ukutani, ambao Mama aliuponda na kuubeba kwa kapu ili aukande upya. Jirani yetu Selestini alipita akamwuliza Baba kama anahama na nyumba mgongoni kama kobe. Baba akamjibu kuwa yeye hajawahi kumwona kobe akilala nje. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yangu ilikuwa kuziandika nguzo namba kwa mkaa, ili kila moja irudi mahali pake. Zilikuwa kumi na mbili. Baba alizigonga moja moja kwa mgongo wa panga, akisikiliza. Ya sita ililia kama ngoma. Kwa nje ilikuwa nzuri, lakini ndani mchwa walikuwa wameimaliza. Akasema hiyo tutaikata, kipande kizima kifae jikoni. Ya tisa ndiyo ilikuwa ya katikati, inayobeba paa. Selestini alipomshauri azigonge tena huku kabla ya kuzisimika, Baba alisema hana haja, yeye ana karani nyumbani. Nilisikia raha sana, dada.

Siku ya nne ya kukandika, Mama akiwa ndani na udongo mikononi, paa lilishuka. Yaliyofuata unayajua.

Unakumbuka uliyomwambia Baba makaburini, mbele ya watu wote: kwamba ubahili wake wa kung'ang'ania miti ya zamani ndio uliomuua Mama. Tangu siku hiyo hujaja wala kuandika, na hapa kijijini wamelichukua neno lako. Wanasema nguzo za urithi zimemrithi mkewe. Baba mwenyewe ameamini. Nguzo nzima zilizobaki amezigawa kuni. Nyumba tunayolala sasa ameijenga kwa miti mibichi, myembamba kama mkono wangu, na asubuhi tunaokota unga wa wadudu chini yake.

Dada, miti haikuwa na kosa. Wala Baba.

Siku ya kusimika nguzo nilikuwa nimekaa pembeni nasoma kitabu cha hadithi alichoniazima Mwalimu Josephina. Nilikuwa nimebakiza kurasa chache. Unajua Baba ndio kwanza anajifunza kusoma, jioni, kwenye darasa la watu wazima, na anaona haya kuuliza mbele ya wenzake. Alinijia karibu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile iliyolala pale ni sita au tisa. Nilitupa jicho. Mkaa ulionyesha tisa. Sikuinuka kuzunguka upande wa pili. Mwalimu alishatufundisha kuzipigia mstari chini namba hizo mbili zisichanganywe, na mimi nilipoziandika sikupiga. Nikamjibu, "Tisa, Baba," nikafungua ukurasa mwingine. Akanishukuru.

Baba hajawahi kunitaja. Sijui kama amesahau au ananificha. Mimi sijafungua kitabu tena isipokuwa shuleni.

Nakuomba usimchukie. Kama kuna wa kuchukiwa, ni mimi. Njoo umwone, amekonda. Wasalimie wenzako wa wodini, na ujitunze na baridi ya zamu.

Ni mimi mdogo wako,
Gervas

Tena dada: Baada ya kutia sahihi niliona si haki uyasome wewe kabla yake. Nilimsomea Baba barua yote, pale nje anapochongea mipini. Hakunipiga. Aliniambia nimwandikie hiyo sita chini. Nikaiandika kwa kijiti mchangani. Akaitazama. Akainuka, akazunguka akasimama upande wangu, akaitazama tena. Halafu akaniambia niende posta kabla hawajafunga. Nimetembea mpaka Newala mjini, nimenunua stempu, na maneno haya ya mwisho nayaandikia hapa kaunta.