Usiku Mia Kwenye Kalenda ya Hoteli

Jumatatu, 2 Oktoba

Wiki ya tano ya fildi. Ofisi ileile ya hapa mjini Suva, juu ya duka la roti, zile chapati za Kihindi — nguo zangu zote zinanuka bizari. Leo bosi Ronil kanipa tovuti ya hoteli. Yote! Kurasa, picha, kalenda ya kuweka nafasi. Ikiwa hewani Ijumaa ya wiki ijayo na mteja akiridhika, nikimaliza chuo nina ajira. Kasema mbele ya watu.

Na hoteli yenyewe iko wapi? Mkabala na kijiji chetu! Mjomba Mosese ndiye nahodha wa boti yao ya wapiga mbizi. Nimempigia kumpa habari, akacheka. "Miaka mitatu chuo kikuu, kumbe unasomea kubonyeza vitufe?" Ndiyo, mjomba. Vitufe. Mwaka wa kwanza sikujua hata kushika mausi. Somo la hifadhidata nilifeli, nikarudia, nikapata A. Cheka tu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Ratu amefariki. Chifu wetu. Mama kapiga simu analia, nami nikalia chooni nisionekane. Mazishi Jumamosi. Kuanzia hapo bahari yetu inafungwa usiku mia — hakuna kuvua, hakuna boti za mbizi, hakuna kugusa matumbawe. Ndivyo chifu anavyoombolezwa.

Nikafuta machozi, nikahesabu. Hadi 14 Januari. Nikazifunga siku zote hizo za mbizi kwenye kalenda. Nyekundu tupu, Krismasi nzima.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimerudi kutoka mazishini, macho bado yamevimba. Ronil ananisubiri mlangoni. Meneja wa hoteli, Bi Whitcombe, kauona ule wekundu, kawaka. Wageni wake wa Krismasi! "Zifungue," Ronil kasema. Siwezi. "Wewe ni mtengeneza tovuti au msemaji wa chifu?"

Vyote viwili, bosi! Limenitoka lenyewe.

Nikamweleza: manahodha wote ni wa kijijini, hakuna atakayewasha injini. Tutauza safari isiyopo. Hakusikia. Au hakutaka.

Shayal, tunayesoma naye, ananiona kichaa. "Shoga, bonyeza tu, chukua kazi, utalia baadaye." Mjomba naye anataka niiache kabisa ofisi hii, nirudi nyumbani nikaombe radhi kwa wazee kwa ofisi inayotaka kuuza bahari iliyofungwa. Radhi ya nini? Ya kujua kazi? Sitoki! Tovuti naimaliza, na siku sizifungui. Waninunie wote.

Kisha nikakaa nikafanya kazi. Sasa kila ombi la mbizi linakwenda kwanza kwenye simu ya nahodha. Akikubali ndipo mgeni anathibitishiwa. Nimemwonyesha Ronil. Kasema hiyo safi. Kweli ni safi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Saa tatu asubuhi tovuti hewani. Ronil kavuta kibodi, kazifungua siku mwenyewe. Mimi mikono nimeikunja kifuani, wote ofisini waione.

Kufikia saa sita maombi manne ya mbizi, moja la familia ya watu sita kutoka Auckland. Yote kwa mjomba. Kataa. Kataa. Kataa. Kataa.

Bi Whitcombe kapiga simu. Kelele zake nazisikia kutoka mezani kwangu. Mjomba kamwambia waziwazi hatoki, na nahodha mwingine yeyote hatoki. Ronil kajaribu kujieleza, kaishiwa maneno, kaninyooshea simu. "Haya, ongea naye wewe."

Nani mwenzangu? anauliza. Asenaca, niliyetengeneza tovuti. Anataka mkubwa wangu. Mkubwa ndiye kanipa simu, mama. Nikamwambia siku zifungwe, na kwamba nimeshaandika ukurasa wa safari za maporomoko ya maji badala ya mbizi, na mwingine wa kuwaeleza wageni kwa nini bahari inapumzika. Kisha: subiri, niongee na mwenye hoteli.

Nasubiri. Dakika ya kumi na moja hii, simu begani, muziki wa gitaa dogo la ukulele sikioni, naandika. Ronil ananiuliza kwa midomo: kasema nini? Nikatikisa kichwa. Bado.

Nimeweka kalamu chini mara moja, nikaifunga Oktoba yote kwenye kalenda. Ronil kasimama nyuma yangu, kaona. Safari hii kibodi hajaivuta.

Naingia Novemba.