Mafuta Juu ya Rangi Nyeusi

Jumatatu, 9 Juni

Vumbi tena juu ya meza ya ofisi. Nilifuta asubuhi, nikafuta tena kabla ya chakula. Nilipiga chapa hati za mizigo: mahindi, saruji, chupa tupu zinazorudi Kigoma. Kila hati niliisoma upya kabla ya kuipeleka kwa bosi. Nikikosea jina la boti moja tu sitapata usingizi. Sijakosea bado. Hiyo hainipi amani.

Akili haikuwa kazini. Ilikuwa uani kwa dada yangu. Yaya Solange, ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa, amenunua gari. Lilishuka bandarini Jumamosi: jeusi, refu, limetumika, lakini rangi bado nzima. Si la kutubeba sisi. Ni la kukodisha kwa maharusi. Mji huu una magari machache ya kumfaa bibi harusi, na yote yamegeuka rangi ya barabara. Yaya ameuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, miaka na miaka ili alipate.

Sasa kuna fundi kutoka Lubumbashi anayepaka dawa ya kulinda rangi ya gari. Yaya aliniita jana. "Wewe njo ulisoma. Angalia ile kitu, useme kama tulipe ao tusilipe."

Nilisema sawa. Kisha chakula kikanishinda.

Jumanne, 10 Juni

Nimekutana na fundi. Anaitwa Trésor. Umri wetu ni mmoja, lakini yeye anasimama kama mtu ambaye hajawahi kuitwa ofisini kwa bosi. Amevaa viatu vyeupe. Katika mji huu, mwezi huu.

Alimwaga maji juu ya gari la mteja wake, kwenye kapo, pale juu ya injini. Maji yalijikunja kuwa matone, yakateleza, yakaondoka na vumbi. Kapo ikabaki kavu. Nilitamani kupiga makofi. Sikupiga. Niliuliza maswali, mengi, mpaka akacheka. "Ndugu, unataka kupaka gari ao unataka kuioa?"

Bei ni kubwa. Ni pesa ile ile ambayo Yaya aliiweka kwa ajili ya kibanda cha kuanikia ndagala, kijengwe kabla ya mvua. Akilipa na dawa ikashindwa, hatakuwa na rangi wala kibanda, na mvua zikianza samaki wataharibika. Yote yanangoja neno langu.

Trésor anaondoka na boti ya Uvira Jumamosi ya wiki ijayo. "Mukichelewa, mutabaki na vumbi yenu."

Jumatano, 11 Juni

Wakati wa mapumziko nilisoma kwenye simu kila nilichopata, kwa Kifaransa, mpaka chaji ikaisha.

Dawa ni ya kweli. Hailindi rangi dhidi ya mawe. Hailindi dhidi ya mchanga, na sisi tunaosha magari ziwani, tunasugua kwa gunia, mchanga na sabuni ya unga. Lakini inachelewesha jua kufifisha rangi, na vumbi linatoka kwa maji matupu. Kwa gari la kwenda sokoni ningesema hapana bila kufikiri. Gari la harusi linaishi kwa kung'aa. Kwa hilo nasema ndiyo.

Jibu lilikuja safi namna hiyo. Nina uhakika nalo. Kesho nitamwambia.

Sharti moja limeandikwa kila mahali: rangi iwe safi kabisa kabla ya kupakwa. Isiwe na mafuta hata kidogo.

Alhamisi, 12 Juni

Sikumwambia. Nilipofika uani nilikuta viti vya plastiki vimepangwa, na Pasta na waimbaji tayari wamefika. Kubariki gari. Ningejuaje? Lakini nilipaswa kujua. Hakuna anayewasha gari jipya kwetu bila maombi.

Ilikuwa nzuri. Sitadanganya. Waimbaji walilizunguka gari wakipiga makofi. Pasta aliomba kwa ajili ya dereva, magurudumu, breki, bibi harusi wote watakaolipanda. Kisha akafungua chupa ya mafuta ya mzeituni, akachora msalaba mkubwa katikati ya kapo, akachora kwenye kila mlango, akamaliza na nyuma. Hakubana mafuta. Yalitiririka mpaka kwenye taa. Yaya alilia.

Na kwetu mafuta hayo hayafutwi. Unaacha jua na siku viyaondoe vyenyewe. Anayeyafuta amejifungulia mlango wa ajali. Nimelisikia hilo tangu utoto, na sijui kama naliamini. Nadhani naliogopa, ambayo si kitu kimoja.

Nilisema amina pamoja na wengine. Nilikuwa naangalia taa.

Ijumaa, 13 Juni

Trésor alikuja kulipima gari. Aliona misalaba. Nilingoja aseme. Akaendelea kupima. Nikamwonyesha kwa kidole, mbele ya Yaya.

Akapata jibu palepale. "Mama Solange, ile haina shida. Tunapaka juu yake. Baraka inabaki ndani, inafungwa kabisa. Haitatoka hata dunia iishe."

Yaya aliruka. Kweli aliruka, mtu mzima. "Aleluya! Pasta mwenyewe hakufikiria ile!" Alimwita jirani kutoka ng'ambo ya ukuta aje asikie. Jirani akasikia. Sasa kila mtu anajua kwamba gari la Yaya litakuwa na baraka iliyofungwa chini ya dawa, kama chini ya kioo.

Dawa haishiki juu ya mafuta. Najua. Trésor naye anajua. Niliona macho yake yalivyokwepa yangu. Anataka kazi kabla ya boti.

Nilinyamaza. Nimeandika sentensi hiyo nione inavyofanana. Inafanana na mtu mwoga.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimesema.

Nilimkuta Yaya anachambua ndagala na wanawake wawili wanaofanya naye kazi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalipotea. Nilisema tu: Yaya, ikipakwa juu ya mafuta itabanduka, na pesa ya kibanda itakuwa imekwenda. Usilipe namna hiyo.

Hakuinua kichwa. "Tangu mutoto unaogopa. Uliogopa maji, uliogopa mbuzi. Sasa unaogopa mafuta ya Mungu."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga ungo. "Ya mbuzi nayo ni kweli?" aliuliza. Ni kweli.

Masikio yaliwaka. Lakini sikuondoka. Hilo ndilo jambo jipya la leo. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikasema tufanye jaribio. Nyuma ya gereji ya jirani kuna mlango wa gari bovu, mweusi vilevile. Nusu tuipake mafuta ya mzeituni, nusu tuisafishe sawasawa. Trésor apake dawa yake kote. Ikishika kote, nitaomba msamaha mbele ya jirani, na mbele ya mbuzi wakitaka.

Yaya akacheka hapo, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Akakubali.

Trésor alipelekewa habari. Hakukataa. Alipaka jioni ileile. Lazima niseme: ana mkono mzuri. Anapaka polepole, mstari juu ya mstari.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza mlango wa gari.

Jumatatu, 16 Juni

Nilitoka kazini nikapitia gereji moja kwa moja. Yaya alikuwa ameshafika, amevaa kitambaa chake cha kichwa cha kwenda mjini, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Trésor naye alikuwepo.

Upande uliosafishwa ulikuwa unang'aa hata kivulini. Maji yalikimbia juu yake.

Upande wa mafuta ulikuwa na mawingu meupe na michirizi. Maji yalilala. Yaya alipitisha kidole, kisha akakwaruza kwa ukucha. Dawa ikatoka kama utandu wa maziwa. Akakitazama kidole chake.

Nilikuwa sahihi na sikufurahi. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokipenda.

Trésor alikohoa. "Mama, mimi natafuta maisha. Kama mulitaka juu ya mafuta, ningepaka juu ya mafuta." Angalau alisema.

Yaya alirudi nyumbani kwa miguu, peke yake, ingawa mapikipiki yalimpigia honi njia nzima.

Jumanne, 17 Juni

Alinituma mtu kazini. Niende.

Alikuwa amekaa mbele ya gari. Misalaba bado ilionekana, sasa imeshika vumbi, jekundu juu ya rangi nyeusi. Aliniuliza: tulipe ao tusilipe? Sema.

Nilisema. Tulipe, kama tutafuta mafuta. Tusilipe, kama hatutayafuta. Hakuna njia ya tatu. Ukilipa, usilipeleke kuoshwa ziwani, na mchanga usiliguse. Na mawe ya barabara yatalipiga vilevile. Dawa haitasaidia hapo.

Nikamshauri amuulize Pasta. Alikasirika kweli. "Niende kumuuliza Pasta kama nifute kazi yake? Nitaanza na mdomo gani? 'Papa Pasta, asante kwa maombi, sasa leta sabuni'?"

Harusi ya kwanza imeshapangwa: Jumamosi ya tarehe 28. Trésor amebakiza siku chache. Nilitamani kusema, basi Yaya, fanya unavyotaka, nikimbilie kitandani kwangu. Badala yake nilirudia: lazima yafutwe. Kwa sauti ya kawaida. Sijui ilitoka wapi.

Alinionyesha geti kwa kidevu. Nimeogopa kuliko siku zote, na bado nina uhakika. Sikujua vinaweza kukaa pamoja.

Jumatano, 18 Juni

Alfajiri Yaya alituma neno: Trésor anakuja, na mimi niwepo. Niliomba ruhusa kazini, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Bosi alisaini bila kuuliza. Siku zote nilidhani angeuliza.

Trésor alikuwa amesimama na ndoo na alkoli yake ya kusafishia. Mimi nilikuwa na kitambaa mkononi. Hakuna aliyetaka kuanza. Hata Trésor, na viatu vyake vyeupe. "Ile msalaba mimi siigusi," alinong'ona. "Nina mama."

Yaya alitoka ndani. Alitutazama sisi wawili, wanaume wazima na ndoo moja. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, kile kizuri cha mjini. Akakikunja mara mbili, akaanza na kapo. Alifuta polepole msalaba mzima, kutoka juu hadi chini, kisha mkono mmoja, kisha mwingine. Akafuta milango yote, akafuta nyuma. Alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa na mafuta na vumbi jekundu. Akakifunga tena kichwani.

"Baraka haikutupwa," alisema. "Imehama tu. Mimi njo mwenye gari." Kisha akamgeukia Trésor. "Sasa osha vizuri. Na wewe," huyo ni mimi, "simama hapa umuangalie. Akiruka hata kidogo, niite."

Nilisimama. Trésor alisafisha kwa alkoli mara mbili, nikamwomba arudie kwenye taa. Alinung'unika, akarudia. Alipaka mchana kutwa chini ya bashi, yaani turubai, tuliyoifunga kwenye nguzo nne ili vumbi lisiingie. Yaya akamlipa mkononi, pesa ya kibanda, bila kunitazama usoni. Lakini sikutamani kurudisha neno langu.

Ijumaa, 20 Juni

Gari halitakiwi kuguswa na maji mpaka jioni hii. Asubuhi walikuja wajomba wawili na kreti ya bia, kuliarosha gari, yaani kulimwagia kinywaji, maana gari jipya lazima linyweshwe pamoja na wenyewe. Mmoja alikuwa ameshafungua chupa na kuielekeza kwenye kapo. Nilijikuta mbele yake, mikono imetandazwa.

"Papa, kunywa. Lenyewe halina kiu."

Walitazamana. Kisha wakacheka mpaka wakakaa chini, wakanywa yote.

Jioni Yaya alimwaga kikombe cha maji juu ya kapo. Matone yalikimbia. Akamwaga kingine. Akamwaga cha tatu.

Jumapili, 29 Juni

Harusi ilikwisha jana. Gari lilipita mjini na maua yake, likapita barabara ya ziwani, likarudi. Sikuwemo ndani. Nilisimama upande wa barabara kama watu wengine. Bibi harusi alijitazama kwenye mlango kabla ya kupanda, akarekebisha shela. Mlango ulimwonyesha vizuri.

Leo baada ya ibada nimeliosha uani, kwa ndoo mbili za maji safi na kitambaa laini. Vumbi liliondoka lenyewe. Kuna alama ndogo ya jiwe chini ya taa ya kushoto. Nilimwonyesha Yaya kabla hajaiona. Aliinama, akaigusa, akasema tu, "Ni jiwe." Akarudi kwenye kiti chake chini ya bashi, akavua viatu.

Kibanda bado hakijajengwa. Harusi mbili zaidi na nguzo zitanunuliwa. Mvua iko mbali.

Mtu alibisha getini. Baba mmoja anayemwoza binti yake mwezi wa nane. Nilisikia Yaya akimjibu kutoka kitini, bila kusimama: "Ile ya gari, muulize ndugu yangu. Yeye njo anajua."

Nilikamua kitambaa. Nilikausha mikono, nikaenda kumfungulia.