Usingizi wa Lugembe

Urambo, 3 Machi 1974

Dada Bertila,

Shikamoo dada. Leo ni mwezi wa tatu tangu mimi na Lugembe tuondoke Ziba. Mimi mzima, ila moshi unanibana kifua. Mama anaendeleaje na miguu yake? Watoto hawajambo?

Habari ya mdogo wetu si nzuri. Halali. Kazi yetu ni kuchochea moto wa mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku. Moto ukizimika usiku majani yanaharibika, basi tunakesha, tunalala mchana. Mimi nikijilaza tu, nimekwenda. Yeye anageuka huku na huku mpaka jua linazama. Chumba chetu ni cha bati, kinachemka, na wanawake wanaofunga majani wanacheka na kugombana hapo hapo mlangoni. Usiku anakunywa chai ya rangi kikombe baada ya kikombe asisinzie, asubuhi chai hiyo hiyo inamnyima usingizi.

Juzi alisinzia amesimama, akaangukia mdomo wa tanuri. Ameungua mkono. Mwenyewe anafanya mzaha: "Mwambie dada nimekuwa popo. Mama aache kunitafutia mchumba, anitafutie popo jike."

Mimi sicheki. Siku nyingine ataingia motoni mzima mzima. Nipe shauri.

Mdogo wako,
Yoramu

Ziba, 21 Machi 1974

Yoramu mdogo wangu,

Marahaba. Huku tupo, mama miguu ni ile ile. Pole na moshi.

Niambie kweli: Lugembe amesikia habari ya nyumba? Watu wa serikali walikuja na lori, wakaezua paa la baba, wakatushusha huku kwenye kijiji kipya, vibanda kwenye mstari kama askari. Kama amesikia, hilo ndilo linalomkosesha usingizi kuliko bati. Mwambie mama amepata pa kulala, na vyungu vyake vyote vimefika salama isipokuwa kimoja, na dereva wa lori ametukanwa kwa ajili yake mpaka akaomba radhi.

Nimemuuliza Koleta, nesi wa zahanati. Anasema chai aiache zamu ikishafika katikati. Alale saa ile ile kila siku. Aoge maji baridi kwanza. Mahali pawe na giza na kimya. Usingizi ukigoma asilale pale akishindana nao, aamke, akae, arudi baadaye. Na kilichomo moyoni akiseme. Vidonge vya dukani asiguse, maana atasinzia navyo motoni.

Mimi ni dada yenu,
Bertila

Urambo, 8 Aprili 1974

Dada,

Shikamoo. Barua yako imetusaidia kuliko dawa. Kumbe alikuwa ameshasikia ya nyumba, mtu wa Nzega alimwambia. Alinificha nisihuzunike, na mimi nilikuwa namficha hayo hayo. Tulikaa tukazungumza. Alilia, halafu alipofika kwenye dereva na chungu akacheka mpaka akakohoa.

Chai amepunguza. Nilitundika blanketi dirishani, giza likaja lakini joto likazidi. Basi akajitafutia mwenyewe: bani lililo tupu. Kuta nene za udongo, halina dirisha, ukifunga mlango huoni kiganja chako, husikii mtu. Jana amelala mpaka nikamwonea wivu. Mkono unapona.

Mdogo wako,
Yoramu

Ziba, 19 Aprili 1974

Yoramu,

Marahaba. Mama nilipomsomea alinyanyuka na miguu hiyo hiyo, akapiga vigelegele, majirani wakadhani pamezaliwa mtoto. Amesema niandike neno lake kama lilivyo: "Mwacheni alale."

Binti amepatikana, wa Siwema yule mfinyanzi. Si popo.

Dada yenu,
Bertila

Urambo, 30 Aprili 1974

Dada Bertila,

Shikamoo. Keti chini kwanza, na usiisome hii mbele ya mama.

Lugembe hatunaye. Amefariki Jumamosi.

Siku ile mabani yote yalikuwa yamejaa isipokuwa moja lililotolewa tumbaku asubuhi ile. Tanuri lake lilikuwa bado na makaa, na bomba la moshi linalopita ndani lina ufa. Yeye aliingia, akaziba hata nafasi ya chini ya mlango kwa gunia, mwanga usipite. Mchana nilikwenda kumtazama. Nilifungua kidogo, nikamsikia anakoroma sana, sijawahi kumsikia hivyo. Nikafurahi, dada. Nikafunga mlango, nikalirudisha lile gunia vizuri. Alipokuja mwenzetu Abbasi kumwita ale, nilimfukuza. Sisi wa motoni hatumwamshi aliyepata usingizi, mwiko huo kila mtu anaushika. Zamu yake ilipofika nikaishika mimi. Abbasi ndiye aliyekwenda tena, akarudi anakimbia.

Mganga wa hospitali alisema ni hewa ya sumu ya makaa, na kwamba mkoromo ule haukuwa usingizi.

Tumemzika hapa. Watu walikuwa wengi. Sasa mimi ndiye nisiyelala, hata wakinipa giza lote la Urambo, na chai sigusi.

Polisi wananitaka nikae mpaka wamalize kuuliza. Usimwambie mama kitu. Waite wajomba wawe karibu. Kwa Siwema uende mwenyewe, taratibu. Na mama asije barabarani kunipokea, maana atasimama kumngoja wa pili ashuke.

Nitafika kwa basi, Jumamosi tarehe 11 Mei.

Mdogo wako,
Yoramu