Jiwe Nililolisifu

Muleba, Jumatano, saa kumi alasiri.

Wingu limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na halisogei. Hakuna upepo. Naandika ndani ya gari la ofisi, mlango wazi, na mikono yangu bado ina udongo mwekundu.

Leo naungama.

Kijiji kipya cha ujamaa ninachokitazama ng'ambo ya bonde, chini ya genge, kinajengwa kwa mawe niliyoyachagua mimi. Ni kaya kumi na moja, wengi wao vijana kutoka Ijuganyondo na Kahororo, ambako vibanja vya migomba vya baba zao vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena. Hapa walipewa rweya, nyasi tupu, wakaambiwa waanze upya.

Mimi sikutumwa kwao. Nilitumwa kutafuta nikeli, na nikeli hutafutwa kwenye miamba ya moto, ile iliyopanda kutoka chini ya ardhi ikiwa uji na kuganda kabla ya kufika juu. Kazi yake haitaki haraka. Navunja jiwe nipate uso mpya, naliweka karibu na jicho kwa lenzi, natazama punje. Punje zikiwa ndogo mno, uji ulipoa upesi, pale ulipogusa mwamba baridi. Zikiwa kubwa, ulipoa polepole, katikati, ukiwa umefunikwa. Vipande vizuri vinapelekwa maabara, vinasuguliwa mpaka vinakuwa vyembamba kuliko karatasi na mwanga unavipenya. Chini ya hadubini kila aina ya madini inaonyesha rangi zake.

Naipenda kazi hii. Labda naipenda kupita kiasi.

Wiki tatu zilizopita nililikuta kwenye genge hilo jiwe jeusi, zito, limelala kama godoro nene ndani ya mlima. Sisi wajiolojia tunaliita doleraiti. Mwenyekiti wa kijiji, Ta Kamugisha, alinikuta nikiligonga akaniuliza kama linafaa kujengea.

"Hakuna gumu kuliko hili katika tarafa nzima," nilimjibu.

Nilijivuna, sikatai. Binti wa Bilele, mtaa wa Bukoba mjini, aliyesoma mpaka chuo kikuu, anaulizwa na mzee naye anajibu. Kesho yake nyundo zilianza kulia chini ya genge.

Nililitazama jiwe. Sikutazama limekalia nini.

Jumatano iliyopita ndipo nilipochimba mtaro mdogo pembeni mwa machimbo. Uji ule wa zamani ulijipenyeza kati ya matabaka ya mwamba wa udongo, ukaganda humo. Maji ya mvua yamepenya nyufa zake miaka isiyohesabika, yakalainisha tabaka la udongo lililo chini. Ukilishika linateleza vidoleni kama sabuni. Na juu ya sabuni hiyo limekaa jiwe lenye uzito wa mlima, huku wavunja mawe wakiula mguu wake kila siku.

Nilipanda juu nikakuta ufa kwenye nyasi, mwembamba, hata kidole hakiingii. Nikapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande. Nikapima, nikaandika, nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu kusema kungekuwa kukiri kwamba nilikosea.

Leo asubuhi nimekuta vigingi vimeachana. Sasa mkono unaingia ufani.

Nilishuka mbio hadi kwa Ma Kokushubira, mjane ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na machimbo. Kabla sijafungua kinywa alinionyesha ndoo.

"Maji ya chemchemi yamekuwa mekundu tangu juzi," alisema. "Na mlango wangu haufungi. Nilidhani mbao zimevimba."

"Si mbao, Ma. Ardhi inasogea."

Aliiweka ndoo chini. "Umejua tangu lini, mwanangu?"

"Tangu wiki iliyopita."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alianza kukunja mikeka.

Nikamtafuta Ta Kamugisha, nikamwomba apande nami. Alilala kifudifudi kwenye nyasi akaingiza mkono ndani ya ufa mpaka begani. Alipoutoa ulikuwa umelowa.

"Kuna maji yanatembea humu," alisema.

"Ndiyo. Na mvua bado haijanyesha."

Alikaa, akapangusa mkono kwenye majani. "Wakubwa wa wilaya wanakuja Jumamosi kukagua. Tukihama leo watasema tumeukataa ujamaa. Nipe mpaka Jumamosi, waitu, nakusihi."

Nami nikaitikia kwa kichwa.

Naandika hivyo hivyo, nisijifiche: niliitikia. Tulikuwa tumefika nusu ya mteremko wakati kokoto zilipoanza kuporomoka mbele yetu, chache tu, zikaruka njia na kutulia. Hapakuwa na mbuzi wala mtu juu. Tulisimama wote wawili.

"Ta," nilimwambia, "nilikuponza mara ya kwanza kwa kusifu. Mara ya pili kwa kunyamaza. Sitafanya ya tatu. Hatuna Jumamosi."

Alikwenda machimboni, akasimamisha kazi na kukusanya nyundo zote mwenyewe.

Nilipita nyumba kwa nyumba. Sikuwaeleza habari za madini. Niliuliza tu kama milango yao inafunga. Katika nyumba nne haikufunga, na hao hawakubishana. Kaya nyingine mbili zilifuata kwa kuwaona jirani zao wakibeba. Waliobaki walicheka: dada wa mawe anaogopa mawe. Niliwasihi mpaka sauti ikakauka. Siwalaumu, maana ni sauti hii hii iliyomwambia mwenyekiti wao kwamba jiwe hilo ni gumu kuliko yote.

Tulihamishia vitu kwenye banda la kahawa, upande huu wa bonde. Nilikuwa nimebeba kitanda cha Ma Kokushubira, nikihema, mara kikawa chepesi. Ta Kamugisha alikuwa ameshika upande wa pili. Tulivuka naye kijito. Tulipokiweka chini nilimuuliza mkewe na watoto watakuja saa ngapi.

"Wale hawaji," alisema. "Nikihama mimi, hakuna kijiji. Wote walinifuata mimi hapa."

Kisha akageuka kurudi.

Kwa hiyo sasa familia sita ziko bandani, na tano, ya mwenyekiti ikiwamo, ziko chini ya genge. Nimemtuma dereva wa lori la kahawa apeleke barua ya kuomba msaada Bukoba mjini. Hata akiwahi, hakuna atakayefika kabla ya kesho mchana.

Tone la kwanza limegonga bati la gari. La pili. Ziwa halionekani tena.

Nimekuwa nikifikiri: mtu huyu hatahama kwa ajili yake mwenyewe, wala kwa hoja zangu. Lakini ni Mhaya, na Mhaya hamlazi mgeni mahali pa hatari. Nitakwenda kuketi sebuleni kwake. Nitapokea ndizi nitakazoandaliwa, na nitasema siondoki mpaka wote tuondoke. Kaya nne nyingine zilizobaki zinamtazama yeye.

Je, ni ujasiri, au ni deni la mdomo wangu? Sijui, na mvua haisubiri nijue.

Sampuli nimezipanga nyuma ya kiti, kila moja na jina lake. Daftari hili naliacha hapa garini, upande ulio salama.